Dawa Zilizorudisha Usiku: Historia ya Malale na Saa ya Mwili katika Kongo

Tarehe 27 Februari 1905, daktari Joseph Everett Dutton alifariki Kasongo, mji wa Waswahili ulio karibu na mto Lualaba. Alikuwa na umri wa miaka 30. Shule ya Tiba ya Nchi za Joto ya Liverpool ilikuwa imemtuma yeye na mwenzake John Todd, Mkanada, kuchunguza malale katika Dola Huru ya Kongo. Kilichomuua ni homa ya papasi, ugonjwa mwingine aliokuwa akiuchunguza safarini. Ila jina lake limebaki kwenye historia ya malale, kwa sababu miaka michache kabla ya kifo chake, huko Gambia, ndiye aliyetambua vimelea vya ugonjwa huo ndani ya damu ya nahodha wa meli ya mtoni.

Lualaba hiyohiyo, ukiifuata kuelekea juu hadi kusini kabisa, inakupeleka kwenye nchi ya shaba. Hapo inazuiwa na bwawa la Nzilo, karibu na Kolwezi. Ukiondoka Kolwezi kwa reli kuelekea magharibi, unafika Mutshatsha, kisha Kasaji, kisha Dilolo na mpaka wa Angola. Wafanyakazi wa migodi ya Katanga walikusanywa kutoka mbali, Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi, na kila mtu aliyesafiri katika Kongo ya Wabelgiji alikutana kwa namna fulani na malale: ama ugonjwa wenyewe, ama daktari aliyemshika shingo kutafuta tezi zilizovimba, ama pasi ya afya ambayo bila hiyo hakuruhusiwa kutoka wilaya yake.

Malale huletwa na mbung'o. Inzi huyo anapomuuma mtu humwachia kimelea kidogo sana kinachoogelea kwenye damu kwa kujipindapinda. Kwanza huja homa za kwenda na kurudi, maumivu ya kichwa, kuwashwa mwili, tezi kuvimba nyuma ya shingo. Katika aina inayopatikana Kongo hali hii inaweza kuendelea kwa miezi, hata miaka. Baadaye kimelea huingia kwenye ubongo, na hapo ndipo familia huanza kusema kwamba ndugu yao si yule waliyemjua. Mtu mpole huwa mkali. Mchangamfu hunyamaza, hulia bila sababu, huona mambo yasiyokuwapo. Mchana husinzia akiwa na tonge mkononi, na usiku nyumba nzima ikiwa imelala yeye hutembea uani. Wengi walipelekwa kwa waganga na kwenye maombi kama waliorogwa au wenye wazimu, wakati ndani ya vichwa vyao kulikuwa na mdudu anayeonekana kwa hadubini.

Nataka kueleza jambo moja kuhusu ugonjwa huu, nalo halijulikani vya kutosha hata kwetu sisi tulioishi nao kwa vizazi: malale ni ugonjwa wa saa ya mwili, na kila dawa iliyowahi kuutibu ukiwa umefika ubongoni ilikuwa pia chombo cha kurudisha usiku na mchana mahali pake.

Habari zake ni za kale. Ibn Khaldun, katika karne ya 14, aliandika kuhusu sultani wa Mali, Mari Jata, aliyeshikwa na usingizi usioisha, akaugua kwa miaka miwili hivi na kufa mnamo 1374. Mwaka 1803 daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, alieleza uvimbe wa tezi za shingo. Wafanyabiashara wa watumwa waliijua alama hiyo kabla yake, na mtu mwenye tezi hizo hawakumnunua. Kisha ukaja msiba wa Uganda. Kuanzia mwaka 1900, pwani za Busoga na visiwa vya ziwa Victoria vilipoteza watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni katika miongo miwili. Hapo Aldo Castellani aliona kimelea ndani ya maji ya uti wa mgongo, na David Bruce akaonyesha mwaka 1903 kwamba mbung'o ndiye mbebaji.

Katika Kongo serikali ya kikoloni ilichukua njia ya kufunga. Wagonjwa walipelekwa kwenye kambi za kutengwa, na vijiji vya kando ya mito vikahamishwa. Hofu ilikuwa kubwa zaidi Katanga, kwa sababu mgodi bila watu ni shimo tu. Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Oktoba mwaka huohuo Ubelgiji ikaanzisha ujumbe wa kisayansi wa Katanga ukiongozwa na daktari Jérôme Rodhain. Ujumbe huo ulifanya kazi hadi Septemba 1912, ukichunguza mbung'o wa pori na vimelea vyao katika nchi ya Bukama. Reli ya magharibi iliyopita Mutshatsha ilikamilika mwaka 1931, ikaunganishwa na ile ya Benguela. Kuanzia hapo mtu aliweza kupanda gari moshi kwenye nchi ya shaba na kushuka kwenye bahari ya Atlantiki. Pale ambapo watu wanasafiri hivyo, ugonjwa wa porini nao hupata njia.

Dawa ya kwanza ilikuwa sumu. Atoxyl, mchanganyiko wa arseniki, ilionyeshwa Liverpool mwaka 1905 kuwa inaua vimelea kwa wanyama. Robert Koch aliichukua hadi visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906. Wagonjwa walipata nafuu, akaongeza kipimo, na zaidi ya ishirini kati yao wakapofuka moja kwa moja. Hakuna aliyewauliza watu wa Ssese kama walikubali kulipa bei hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuja dawa ya kiwanda cha Bayer cha Ujerumani, iliyojulikana kama Bayer 205, ambayo leo inaitwa suramin. Friedrich Karl Kleine aliipeleka Rhodesia ya Kaskazini na Kongo kuanzia mwaka 1921. Ilisafisha damu vizuri, lakini haikuweza kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo mgonjwa ambaye usingizi wake ulikuwa umekwisha kuvurugika haikumfaa kitu.

Aliyevuka ukuta huo alikuwa mwanamke. Louise Pearce, daktari wa Taasisi ya Rockefeller ya New York, alifika Léopoldville mwaka 1920 na dawa mpya yenye arseniki, tryparsamide, iliyotengenezwa na wenzake Walter Jacobs na Michael Heidelberger. Aliwatibu wagonjwa 77. Vimelea vilitoweka kwenye damu ndani ya siku chache, na waliokuwa wamechanganyikiwa akili wakaanza kurudi katika hali zao. Kwa mara ya kwanza dawa ilimfikia mtu aliyekwisha kupotea. Tryparsamide nayo iliweza kuharibu neva ya jicho, lakini ikatumika Kongo nzima kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi vimelea vilipoizoea.

Halafu ikaja ile ambayo wauguzi wazee wa Kongo bado wanaitaja kwa sauti ya chini: melarsoprol, kwa jina la dukani Arsobal. Ernst Friedheim, Mswisi, aliitoa mwaka 1949. Ni arseniki iliyoyeyushwa kwenye kimiminika kikali kiasi kwamba kiliharibu mabomba ya sindano ya plastiki, ikabidi kutumia ya kioo. Ilipoingia kwenye mshipa, wagonjwa walisema ni moto unaopanda mkononi kuelekea moyoni. Karibu mmoja kati ya kila wagonjwa 20 aliuawa na dawa yenyewe: ubongo ulivimba, degedege, kisha mauti. Daktari aliyeshika sindano alijua hivyo, na mama wa mgonjwa aliyekaa mkekani alijua pia. Waliendelea, kwa sababu malale yaliyofika kwenye ubongo yasipotibiwa huua takriban kila mtu. Kwa nusu karne nzima hii ndiyo iliyokuwa dawa. Naamini hakuna hospitali ya Ulaya ambayo ingekubali kuitumia kwa watu wake kwa muda mrefu kiasi hicho bila kutafuta nyingine, na kuchelewa huko ni doa kwa wote waliokuwa na maabara na fedha.

Pamoja na hayo, kampeni za wakati wa ukoloni zilifanya kazi kubwa. Timu za magari na baiskeli zilizunguka vijiji, watu wote wakapangwa mistari, wakashikwa shingo, wakatobolewa vidole. Mashujaa wa kazi hiyo walikuwa wauguzi na wapimaji Wakongo waliokaa mwaka mzima porini na hadubini zao. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu wazima kwa watoto walichomwa sindano za dawa ya pentamidine kwa wingi, wakiambiwa ni kinga. Huko Yokadouma, Kamerun, mwaka 1954 sindano hizo zilioza miili na kuua watu zaidi ya ishirini. Mwaka 1959 wagonjwa wapya katika Kongo yote walikuwa zaidi kidogo ya elfu moja. Ugonjwa ulikuwa umekaribia mlango wa kutoka.

Ukarudi. Uhuru, vita vya Katanga, waasi wa Simba, na barabara zilizokufa viliwasimamisha wapimaji. Mutshatsha ilionja sehemu yake: Machi 1977 waasi wa FNLC waliovuka kutoka Angola waliuteka mji huo, na jeshi la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, lilipourudisha mwezi uliofuata lilisaidiwa na Wamoroko. Mwaka 1978 ilikuwa zamu ya Kolwezi. Watu walikimbilia porini na ng'ambo ya mpaka. Kituo cha afya kisichokuwa na daktari, wala dawa, wala mafuta ya jenereta hakimpimi mtu.

Pigo kubwa kabisa lilianzia Lubumbashi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa chuo kikuu waliuawa bwenini. Ubelgiji ikakata ushirikiano wake na serikali ya Mobutu, na fedha za mpango wa malale, ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka huko, zikakauka pamoja na nyingine. Timu zikalala. Vimelea havikulala. Mwaka 1998 Kongo peke yake iliripoti wagonjwa zaidi ya 26,000, na waliofichika vijijini hawamo katika hesabu hiyo. Mkulima wa Bandundu au Kasai hakuwa na habari ya kilichotokea kwenye bweni la Lubumbashi, ila alikilipa.

Katika miaka hiyohiyo ya giza ndipo wanasayansi walipoanza kuelewa usingizi wa malale ni kitu gani. Tangu zamani iliaminika kwamba mgonjwa analala kupita kiasi. Mabwana wa mashamba na makampuni waliuita uvivu. Alain Buguet, daktari wa jeshi la Ufaransa, na wenzake waliwafunga wagonjwa wa Côte d'Ivoire na Kongo-Brazzaville nyaya za kupima ubongo kwa saa 24 mfululizo. Walichokiona kiliwashangaza. Jumla ya usingizi wa mgonjwa haikuzidi sana ya mtu mzima wa afya. Ulichopoteza usingizi huo ni mpangilio: vipande vyake vilitapakaa usiku na mchana, na mgonjwa aliangukia moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto bila kupita hatua zinazotangulia. Homoni ambazo hupanda na kushuka kila siku nazo zilipoteza zamu zao. Baada ya matibabu, mpangilio ulirudi.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, inabidi tuangalie kilichokuwa kinatokea penginepo. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walikuwa wamegundua ilipo saa kuu ya mwili: kifungu kidogo cha seli ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana. Mwanga wa jua huirekebisha kila asubuhi. Mwaka 1980 Alfred Lewy alionyesha kwamba mwanga mkali huzima melatonini, homoni ya usiku, ndani ya mwili wa binadamu. Mwaka 1984 Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, alieleza huzuni inayowashika watu wa kaskazini kila majira ya baridi, na akawatibu kwa kuwaketisha mbele ya taa zenye mwanga mkali. Taa hizo sasa zinauzwa madukani Ulaya na Marekani. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufumbua jinsi jeni za saa hiyo zinavyojiwasha na kujizima.

Mutshatsha haihitaji taa ya Rosenthal. Iko karibu na nyuzi 10 na nusu kusini ya ikweta, na mchana wake mrefu wa Desemba unauzidi mfupi wa Juni kwa saa moja na robo hivi. Jua hapa halimwachi mtu. Anayeharibikiwa saa ya mwili wake huku huharibikiwa kwa sababu nyingine: kazi ya zamu za usiku mgodini, au kimelea.

Mwaka 2018 Filipa Rijo-Ferreira na wenzake wa Lisbon na Dallas walitoa uthibitisho kutoka kwenye panya. Panya aliyeambukizwa alianza kuamka na kuhangaika wakati wa mapumziko yake, kwa sababu kimelea kilifupisha mzunguko wa saa yake. Si kwenye ubongo tu: hata seli zilizowekwa kwenye chombo cha maabara pamoja na vimelea zilianza kwenda mbio. Malaria haikufanya hivyo. Jambo kama hilo, la saa kutangulia wakati, hapo kabla lilijulikana kwa watu waliozaliwa na kasoro kwenye jeni za saa. Mwaka mmoja kabla yake kundi hilo lilikuwa limeonyesha kwamba hata kimelea chenyewe kina saa yake, na kwamba nguvu ya suramin dhidi yake hubadilika kulingana na wakati wa siku. Yule mzee aliyeitwa mvivu shambani alikuwa amebeba mwilini mdudu anayesukuma mbele mishale ya saa yake.

Dawa nazo zilikuwa zikisogea, kwa mwendo wa aibu. Eflornithine iliidhinishwa Marekani mwaka 1990. Ilimrudisha mgonjwa kutoka karibu na kaburi, bila arseniki. Miaka mitano baadaye utengenezaji wake ulisimama, kwa kuwa wagonjwa wake hawakuwa na fedha. Ilirudi kiwandani baada ya kugundulika kwamba inazuia nywele kuota kwenye nyuso za wanawake, ikawa kipodozi. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walipiga kelele, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikakubali kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale. Sioni haja ya kuongeza neno juu ya hilo. Hata ilipopatikana, ilidai dripu 56 katika siku 14, usiku na mchana, mahali ambapo maji safi yenyewe ni ya kutafuta. Mwaka 2009 ilichanganywa na vidonge vya nifurtimox, na dripu zikashuka hadi 14. Huo ndio uliokuwa mwisho wa Arsobal kwa wagonjwa wengi wa Kongo.

Mageuzi yenyewe yaliongozwa kutoka Kongo. Fexinidazole ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya Hoechst katika miaka ya 1970, ikaachwa kabatini. Shirika la DNDi, linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, liliifukua mwaka 2005, na daktari Victor Kande, Mkongo aliyewahi kuongoza mpango wa taifa wa kupambana na malale, akasimamia majaribio yake. Wagonjwa 394 walitibiwa, wengi wao Kongo, katika hospitali ambazo barabara, umeme na vifaa vililetwa kwa ajili hiyo. Vidonge viliponya asilimia 91 ya waliokuwa katika hatua ya pili, na dripu asilimia 98. Ni tofauti ndogo ukiilinganisha na uwezo wa kutibiwa bila kuacha shamba na watoto kwa wiki nzima. Novemba 2018 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni yake ya kuikubali, na Desemba Kongo ikaisajili. Mtu mzima humeza vidonge vitatu kwa siku kwa siku nne, kisha viwili kwa siku sita, daima pamoja na chakula, kwa sababu tumbo likiwa tupu dawa haiingii mwilini ipasavyo. Walio hoi bado hupewa dripu.

Baada yake ilikuja acoziborole, iliyojaribiwa Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208: vidonge vitatu vinavyomezwa mara moja tu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, na miezi kumi na minane baada ya kumeza, asilimia 95 ya waliokuwa na ugonjwa ubongoni walikuwa wamepona.

Mwaka 2018 dunia nzima iliripoti wagonjwa chini ya 1,000, wengi wao wakiwa Wakongo. Shirika la Afya Duniani linataka maambukizi ya aina hii ya malale, inayopatikana Kongo, yakatwe kabisa ifikapo mwaka 2030. Hii ndiyo hatua ya hatari zaidi, na mwaka 1959 tayari tuliwahi kufika hapa. Ugonjwa unapokuwa nadra, muuguzi kijana anamaliza masomo bila kuuona, fedha zinahamia kwingine, na mgonjwa wa kwanza anapewa dawa ya malaria mara tano kabla mtu hajakumbuka kumshika shingo. Kolwezi ya leo imejaa watu kutoka kila pembe ya nchi, Maniema na Kasai wakiwamo, waliokuja kuchimba kobalti. Wengi wanafanya kazi usiku, na anayesinzia mchana hakuna anayemshangaa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, uwe Mutshatsha, Kasaji au Kolwezi: ukiwa na jamaa aliyetoka au kupita katika maeneo ya mbung'o, ambaye homa zake haziishi, tabia yake imegeuka, na usingizi wake umehama kutoka usiku kwenda mchana, usimpeleke kwanza kwa anayemtuhumu bibi yake kwa uchawi. Mpeleke kwenye kituo cha afya na uombe apimwe malale. Kipimo ni tone la damu, na dawa hutolewa bure.